Uzi: Kutafuta na kurudishia mng'ao vipambo vya Speedster ya nakala hapa Nairobi

#1 Mwanzisha uzi

Habari zenu, ndugu zangu wapenda magari ya kale.

Nimekuwa nikiandika vipande vipande katika nyuzi za watu wengine kuhusu gari langu, na baadhi yenu mmeniomba niyaweke yote mahali pamoja. Gari lenyewe ni nakala ya Porsche 356 Speedster, yaani bodi ya faibaglasi iliyokalishwa juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle. Beetle ina milimita 2,400 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ilhali 356 ina milimita 2,100, kwa hiyo aliyelijenga alikata takribani sentimita 30 katikati ya sakafu na kuiunga upya kwa kulehemu. Nililinunua injini ikiwa nzima, bodi ikiwa tupu, na pembeni kukiwa na gunia moja la vipambo vilivyong'olewa bila alama yoyote ya kuonyesha kipi kilitoka wapi. Uzi huu ni wa gunia hilo tu. Mambo ya injini, breki na usajili tuyaache kwenye nyuzi zake.

Tuanze na gari la asili, kwa sababu bila kulifahamu huwezi kujua unachokitafuta. Speedster ilianza kuuzwa mwaka 1954 baada ya Max Hoffman, mwagizaji wa magari wa New York, kuiomba Porsche gari jepesi lisilo na anasa ambalo Mmarekani angeweza kulinunua kwa chini ya dola 3,000. Ndiyo maana vipambo vyake ni vichache: fremu fupi ya kioo cha mbele iliyofungwa kwa bolti ili iweze kuondolewa, ukanda mwembamba unaopita ubavuni, ukanda wa alumini wenye mpira chini ya mlango, bampa mbili zenye kanda za aina hiyohiyo, pete za taa na vifuniko vya magurudumu. Uchache huo ndio unaolifanya gari hili lisisamehe uzembe. Kwenye gari lililojaa kromu, kipande kimoja kilichofifia hupotea katikati ya vingine, lakini kwenye Speedster jicho halina pengine pa kwenda.

Kosa langu la kwanza, ambalo lilinigharimu karibu miezi minane, lilikuwa kutafuta vipambo vya Porsche. Niliagiza ukanda mmoja wa ubavuni uliotengenezwa kwa vipimo vya gari la asili, nikaulipia usafiri na ushuru na ile asilimia 16 ya VAT, kisha nikauweka juu ya mlango wangu na kukuta mkunjo wa bodi umeachana nao kwa karibu upana wa kidole. Bodi ya faibaglasi hutoka kwenye kalibu, kalibu nayo ilitoka kwenye gari fulani ambalo huenda lilikuwa limegongwa na kunyooshwa mara kadhaa, na faibaglasi yenyewe hujikunja kidogo inapokauka. Hakuna sababu ya kutegemea kwamba ukanda uliopindwa kwa ajili ya bodi ya chuma ya Stuttgart utaikubali bodi kama hiyo.

Swali la kumuuliza muuzaji basi si "una ukanda wa Speedster?" bali ni "aliyelijenga gari hili aliazima kipande hiki kutoka gari gani?" Magurudumu yangu yana bolti tano kwenye duara la milimita 205, kipimo ambacho 356 ilikishiriki na Beetle za zamani, kwa hiyo vifuniko vya magurudumu ni vya kutafutwa kwa wenye Beetle. Taa zangu za mbele zina kipenyo cha milimita 178, yaani zile inchi 7 zilizotumika kwenye Land Rover za zamani, kwenye Mini na kwenye magari mengine mengi. Taa ya namna hiyo niliipata Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanakuita Grogan, kabla sijamaliza duka la tatu. Kilichobaki kutafutwa kilikuwa pete ya nje peke yake. Beetle iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 2003 huko Puebla, Meksiko, na kwa hivyo vipande vyake vipya havijaadimika kama watu wanavyodhani.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili niliyo nayo leo. Nilimwaga gunia lote juu ya meza, nikachukua sumaku, tupa ndogo na taa, nikaanza kutenganisha vipande kwa metali wala si kwa umbo.

Kilichoshikwa na sumaku kwa nguvu na kuonyesha kutu upande wa ndani ni chuma cha kawaida kilichochovywa kromu. Jihadhari hapa, kwa sababu stenlesi nyingi inayotumika kwa vipambo vya magari nayo hushikwa na sumaku, na fundi mmoja aliwahi kuniambia kwa uhakika kabisa kwamba kanda zangu ni chuma tupu. Nilimgeuzia upande wa ndani: hakukuwa na kutu wala ganda lililobambuka baada ya miaka yote hiyo. Kisichoshikwa na sumaku, kikiwa kizito, nikikikwaruza kwa ndani na kuona rangi ya manjano, hicho ni brasi, na ukikuta brasi ushukuru, maana inavumilia karibu kila kitu. Kikiwa kizito lakini mkwaruzo ni wa kijivu kilichopooza, na juu ya kromu kuna vipele vidogo kama vya joto kwenye mgongo wa mtoto, hicho ni zinki iliyosubiwa. Chepesi ni alumini, na tone la maji ya soda kali (caustic soda) litaifanya itoe povu. Vaa glavu na miwani kabla ya kujaribu hilo.

Nimeitaja zinki kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyoniumiza, kama nitakavyoeleza.

#2 Msomaji wa Mombasa

Shikamoo mzee, na ahsante kwa uzi. Mimi nina Beetle ya kawaida, lakini tatizo la vipambo ni lilelile, na huku kwetu upepo wa chumvi haumpi mtu nafasi ya kupumzika. Bampa niliyoichovya kromu ilianza kutoa madoa ya kutu kabla ya mwaka kwisha. Fundi anasema kromu ilikuwa nzuri na kwamba kosa ni la bahari. Je, ni kweli? Na je, si afadhali nitengeneze kila kitu kwa stenlesi nikasahau?

#3 Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu. Bahari ina sehemu yake, lakini fundi naye ana yake.

Kromu ya mapambo ni ngozi nyembamba mno, ambayo kwa kawaida haifiki hata nusu ya elfu moja ya milimita, tena ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Haikuwekwa pale ili izuie kutu. Kinachozuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, ambayo ikitiwa vizuri hufikia sehemu 10 hadi 30 za elfu ya milimita, na chini ya nikeli kwa kawaida huwa kuna shaba nyekundu, ambayo hujaza mikwaruzo na kushikamana na chuma. Kromu huja mwisho ili nikeli isififie na ili mng'ao upate ule weupe wenye ubluu kidogo. Fundi anayeharakisha hupunguza muda wa nikeli, kwa sababu siku ya kuchukua kazi yako huwezi kuitambua tofauti: bampa yenye nikeli nyembamba na yenye nikeli nene hung'aa sawasawa zikiwa mpya.

Kwa hiyo kabla hujaacha kipande chako mahali, uliza kinapitia matangi gani na kinakaa kwa muda gani katika kila tangi, uliza ni nani anayesugua chuma kabla ya kuchovya, kisha uombe kuona kazi ya mwaka uliopita badala ya kazi ya wiki hii. Kromu haifichi kitu. Mkwaruzo ulioachwa kwenye chuma utaonekana kwenye kromu ukiwa wazi zaidi kuliko ulivyokuwa kabla, na ndiyo maana kazi halisi ya kuchovya hufanyika kwenye gurudumu la kung'arishia kabla tangi halijaguswa.

Kuhusu stenlesi, kwa bampa za pwani nakuunga mkono. Kwa gari langu ningekubali kwa kanda, nisikubali kwa vitako vya taa na vipande vyenye mizunguko ya pande nyingi, kwa sababu stenlesi ni ngumu kuikunja kwa mkono na fundi ataishia kuunganisha vipande vitatu pale palipokuwa na kimoja.

Sasa kisa cha zinki. Gari langu lilikuwa na vitako viwili vya taa za nyuma vyenye vipele, pamoja na kitako cha taa ya namba. Nilivipeleka kwenye karakana moja ya kuchovya, pamoja na pete za taa za chuma na bawaba mbili za brasi, vyote kwenye ndoo moja. Sikusema kwamba vile vitatu ni zinki, na karakana nayo haikuuliza. Walivitia vyote kwenye asidi ya kuondolea kromu ya zamani, jinsi wanavyofanya kila siku kwa chuma. Chuma kilitoka safi na brasi ikatoka safi, lakini asidi ile huila zinki yenyewe, na hasa huingia kupitia vile vipele, ambavyo ni mahali ambapo zinki imekwisha kuoza chini ya ngozi. Nilipokwenda kuchukua nilikabidhiwa kitako cha kushoto kikiwa kimejaa matundu kama mkate wa kumimina uliokatwa katikati, na cha kulia kikiwa kimebaki nusu. Kile cha taa ya namba hakikupatikana kabisa.

Nililalamika na nikarudishiwa pesa za kazi, lakini pesa za kazi si kitako cha taa. Tangu siku hiyo kila kipande changu kinatoka nyumbani kikiwa kimefungwa kibandiko cha waya chenye jina la metali yake, na zinki haisafiri pamoja na vingine. Zinki yenye vipele hutakiwa kuvuliwa ngozi polepole, kila kipele kichimbwe kwa keekee ndogo mpaka kifike kwenye metali nzima, kisha kijazwe kwa shaba au kwa lehemu laini na kusuguliwa tena. Ni kazi ya siku nyingi, na mwenye kuikubali kwa bei ya bampa hajaielewa.

#4 Fundi wa kusubu, Kariobangi

Salaam kwa wote. Nasoma uzi huu nikiwa kazini Kariobangi Light Industries, ambako kwa miaka mingi nimesubu sufuria, puli na vipande vya mashine. Mzee mwanzisha uzi, hicho kitako cha kushoto chenye matundu usikitupe. Umbo lake la nje likiwa bado lipo, kinatosha kuwa mfano. Jaza matundu kwa bodifila, kisugue, kisha kikandamizwe kwenye mchanga tupate kalibu na tumimine alumini.

Kuna mambo mawili ambayo wateja wengi wa magari hawayajui. La kwanza ni kwamba alumini husinyaa inapopoa, takribani milimita 13 kwa kila mita. Kitako chako kikiwa na urefu wa sentimita 15, kile nitakachokutolea kwa mfano huohuo kitakuwa kifupi kwa milimita 2, na ukienda kukiweka mahali pake utakuta bolti hazilingani na shimo. Kwa hiyo ongeza unene wa bodifila kwenye kingo kabla hujaniletea, kisha utaisugua ziada kwa tupa. La pili ni chakavu tunachoyeyusha. Ukiniletea sufuria kuukuu na fremu za madirisha, alumini yake huwa nzito kutiririka na haijazi kona nyembamba. Niletee pistoni za injini, kwa sababu zina silikoni nyingi na humiminika karibu kama maji. Ila ujue kwamba alumini ya pistoni ukiing'arisha huwa na kijivu kidogo, haitakuwa nyeupe kama kioo.

#5 Mwanzisha uzi

Fundi, ushauri wako umeniokoa, na nitaeleza matokeo baadaye kwa sababu vitako vimekwisha kusubiwa na kimoja kimefungwa. Nilileta pistoni nne zilizokufa za Beetle, na nakiri kwamba nilifurahi moyoni kuona chuma cha gari lilelile kikirudi kwenye gari.

Wengi mmeniuliza kwa ujumbe binafsi kuhusu kanda za stenlesi, kwa hiyo nitaandika hatua ninavyozifanya mwenyewe nyumbani, maana hii ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo mtu asiye fundi anaweza kuifanya vizuri kuliko fundi mwenye haraka.

Ukanda wa kulia ulikuwa na mibonyeo saba. Nilifunga kipande cha mti wa mvule kwenye jiriwa, nikakichonga juu kwa msasa mpaka kikapata mkunjo uleule wa ndani ya ukanda. Nikaulaza ukanda juu yake kifudifudi, na kwa kipande cha shaba kilichochongwa ncha ya mviringo nikawa nausukuma kila mbonyeo kutoka ndani kwa nyundo ndogo, vipigo vyepesi vingi kuliko vipigo vizito vichache. Ukipiga kwa nguvu, stenlesi hutanuka na kuvimba, na uvimbe ni mgumu kuurudisha kuliko mbonyeo. Kisha nikaupaka ukanda wino wa kalamu ya kuandikia ubaoni na kupitisha tupa laini juu yake mara moja, kwa wepesi wa mtu anayefuta vumbi. Wino ukitoka, mahali hapo pamenyanyuka. Wino ukibaki, mahali hapo bado pamebonyea. Nilirudia hivyo kwa jioni tatu kwa mbonyeo mmoja uliokuwa karibu na kitasa cha mlango.

Tupa inapomaliza, msasa unaanza: namba 220, 320, 400, 600, kisha 800 kwa maji. Badilisha mwelekeo wa kusugua kila unapobadilisha namba, ili uone kwa macho kwamba mikwaruzo ya namba iliyotangulia imekwisha yote. Wenye haraka huruka kutoka 220 hadi 600, halafu wanashangaa mwishoni kuona ukanda una ukungu ambao hauondoki kwa dawa yoyote.

Mwisho ni gurudumu. La kwanza ni la mkonge, uleule mkonge unaolimwa kwetu Taita na Kilifi, uliofumwa na kushonwa kuwa diski, likiwa na dawa ya kung'arishia ya kijani. La pili ni la pamba laini. Alumini na brasi hutaka dawa ya kahawia ambayo ni laini zaidi, na gurudumu lililotumika kwa metali moja lisitumike kwa nyingine. Naomba mnisikilize vizuri hapa: gurudumu likiudaka ukingo wa ukanda litakunyang'anya na kuurusha, na ukanda mwembamba wa stenlesi ni panga. Ufunge juu ya papi la mbao urefu wake wote, sugua chini ya kitovu cha gurudumu, na ukingo uelekee upande ambako gurudumu linakwenda, yaani gurudumu lipite likiuacha ukingo wala lisikutane nao. Vaa barakoa, na usivae glavu za kitambaa zenye nyuzi.

Ukanda wangu ulipomalizika niliulaza juu ya gazeti, nikaweza kusoma vichwa vya habari ndani yake. Haukuhitaji kromu yoyote.

#6 Mama wa Beetle, South B

Hongera, kaka. Mimi nataka kuongeza habari ya kanda za chini ya mlango na mipira yake, kwa sababu naona umezipita haraka. Niliacha kuzitafuta kwenye maduka ya magari. Wajenzi wa bodi za mabasi na matatu hutumia ukanda wa alumini wenye mfereji katikati, na ndani ya mfereji huingizwa mpira mweusi au wa rangi. Unauzwa kwa urefu mzima, na mpira kwa mita. Upana wake si sawasawa kabisa na wa Speedster, lakini kwa mtu aliyesimama hatua mbili hauna tofauti, na kwa nakala sioni kwa nini tuagize kipande kilekile kutoka ng'ambo. Mpira uuloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni kabla ya kuuingiza, na uuache uzidi sentimita mbili kila upande kwa wiki moja kabla ya kukata, kwa sababu utarudi nyuma.

Nina swali pia. Kuna vijana wanaopulizia rangi ya kromu kwa chupa, na nimeona vifuniko vya magurudumu vilivyotoka vizuri sana. Mbona hamzungumzii hiyo?

#7 Mwanzisha uzi

Dada, ahsante sana. Nilikwenda kuuona ukanda huo baada ya ujumbe wako nikanunua urefu mmoja, na naukubali kwa moyo wote. Nitaongeza tu kwamba alumini hiyo mara nyingi imetiwa ngozi ngumu kiwandani kwa umeme na asidi, na ngozi hiyo haing'ai hata ukiisugua mchana kutwa. Lazima ivuliwe kwanza kwa soda kali, kwa dakika chache na kwa uangalifu, ndipo alumini ya chini ikubali gurudumu. Ukishaivua, imebaki uchi. Itahitaji nta kila baada ya miezi michache, na kwa ndugu yetu wa Mombasa ningesema asiivue.

Kuhusu rangi ya kupulizia, sitaki kumvunja mtu moyo, lakini nimeigusa kazi hiyo na maoni yangu ni kwamba haifai kwa kitu chochote kinachoshikwa kwa mkono au kuoshwa kwa kitambaa. Ukiacha rangi ya juu bila varnishi hufutika. Ukiipaka varnishi hugeuka kuwa fedha ya kijivu. Kwa kipande kilicho ndani ya dashibodi, pale pasipofikiwa na mkono, iwe hivyo. Kwa kifuniko cha gurudumu, tafuta cha chuma.

Lipo jambo la kuchovya ambalo sikulisema mapema na nadhani ningelisema. Tangi la kromu la aina ya zamani, lenye maji mekundu ya kahawia, ni sumu ambayo husababisha saratani ya mapafu kwa anayeuvuta mvuke wake mwaka baada ya mwaka. Nimeingia karakana ambamo vijana walisimama juu ya tangi hilo bila feni ya kuvuta hewa wala barakoa, na maji ya kusuuzia yakawa yanaingia kwenye mtaro wa mvua. Mtaro huo unakwenda Mto Nairobi. Niliondoka na vipande vyangu. Karakana ninayoitumia sasa ni ghali zaidi, ina feni juu ya kila tangi na mahali pa kusafishia maji kabla ya kuyaachia, na sioni uchungu kulipa tofauti hiyo. Kabla ya kuuliza bei, angalieni mtaro.

#8 Msomaji wa Mombasa

Mzee, mambo mawili mafupi. Je, springi na vibanio vinavyoshikilia kanda navyo vichovywe? Na je, utaweka nembo ya Porsche puani mwa gari?

#9 Mwanzisha uzi

Vibanio vya springi msivichovye kama hamna hakika na fundi. Chuma kigumu cha springi kikipita kwenye asidi na tangi la umeme hufyonza hidrojeni na kuwa chepesi kuvunjika, na kinatakiwa kuokwa kwenye joto la nyuzi 190 hivi kwa saa kadhaa mara tu kinapotoka ili hidrojeni itoke. Kama karakana haina oveni, nunua vibanio vipya. Wakati wa kufunga, kumbukeni kwamba faibaglasi si bati: ukikaza nati kwa nguvu ya mkono mzima, rangi itapasuka kama nyota kuzunguka tundu, labda si leo bali baada ya miezi mitatu ya barabara zetu. Weka washa pana kwa ndani, kipande cha mpira chini ya kila kitako, na skrubu ya stenlesi inayoingia kwenye alumini ipakwe grisi ili metali hizo mbili zisilane mvua ikinyesha.

Nembo sitaiweka. Gari langu ni nakala, na ningependa mtu anayeliona kwenye maonyesho pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong alipende kwa jinsi lilivyofanyiwa kazi, kisha akiuliza ni nini nimwambie ukweli kabla hajamaliza kuuliza. Matundu mawili ya nembo niliyaziba kwa faibaglasi kabla ya kupaka rangi. Wenye maoni tofauti nawaheshimu, ila kwa gari langu neno ni hilo.

Kilichobaki ni fremu ya kioo cha mbele. Nguzo zake mbili ni brasi na ziko salama, zimesuguliwa na zinangoja tangi. Ukingo wa juu ndio ulionishinda, kwa sababu aliyelijenga gari aliukata kwa sentimita moja ili utoshe kioo kisicho chake, na sasa kioo sahihi kimefika na ukingo haufiki kwenye nguzo ya kulia.

#10 Fundi wa kusubu, Kariobangi

Mzee, kwa brasi hatumimini, tunaunga. Usinunue ukingo mpya. Jirani yangu hapa hulehemu brasi kwa gesi na fimbo ya shaba yenye fedha, na kiungo chake ukishakipitisha tupa hukioni hata kabla ya kuchovya. Sharti moja ni kwamba kromu na nikeli ya zamani iwe imevuliwa yote, angalau sentimita tano kila upande wa kiungo, la sivyo lehemu haitashika. Njoo na nguzo zote mbili pamoja na kioo chenyewe, kwa sababu kiungo kitapimwa fremu ikiwa imevaa kioo.

#11 Mwanzisha uzi

Nimeelewa, fundi. Nitaipeleka fremu kuvuliwa Jumatano, ikiwa na kibandiko chake cha brasi, na Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa hapo kwenu. Kioo nitakibeba ndani ya blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari la mke wangu.